Kampuni ya detekta yako imefungwa? Maswali ambayo wachimbaji wa huku Magharibi hutuuliza sana

Sisi tunauza na kurekebisha detekta za dhahabu hapa Kisumu, wateja wetu wanatoka Nyatike, Ikolomani, Bondo, Lolgorien, wengine hata wanavuka kutoka upande wa Tanzania. Swali la White's, kampuni ya Marekani ya detekta inayosemekana imefungwa, halituishii, juu mashine zake za second-hand bado zinauzwa na watu wanaogopa kupoteza pesa. Nimeandika majibu yote hapa ili mtu asome polepole kabla hajatuma pesa kwa mtu yeyote, hata kwetu.

Fundi, ni kweli White's imefungwa ama ni uvumi wa wauzaji?

Ni kweli. White's Electronics ilikuwa katika mji mdogo unaitwa Sweet Home, jimbo la Oregon kule Marekani. Ilianzishwa 1950 na Kenneth White, na kazi yake ya kwanza haikuwa dhahabu, ilikuwa mashine za kupima mionzi za watu waliokuwa wakitafuta urani. Baadaye ndio wakaingia kwa detekta za chuma na dhahabu, wakafanya hiyo kazi miaka mingi, 2020 wakafunga kiwanda. Kwa hivyo mtu akikuambia leo ana "stoki mpya kutoka kiwandani kwa White's", huyo muulize kiwanda gani.

Sasa hilo jina liko na nani?

Liko na Garrett, kampuni ya Garland, Texas, ile iliyoanzishwa na Charles Garrett 1964. White's ilipofunga, Garrett walinunua mali yake ile ya akili, yaani majina, michoro na hataza. Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, manake wanasikia "imenunuliwa" wanadhani kila kitu kimehama, kiwanda, mafundi, spea, waranti na ahadi zote. Hapana. Kinachonunuliwa ni kile mnunuzi anaona kitamletea faida kesho, na kile cha jana kinabaki na wewe uliyekinunua.

Mfano mzuri ni Goldmaster 24k. White's waliitoa 2018, detekta nzuri ya dhahabu ndogo, inafanya kazi kwa masafa ya kilohazi 48. Baada ya kununua, Garrett wakairudisha sokoni ikiwa na jina la Garrett. Lakini MXT, DFX, V3i, zile ambazo watu walizipenda sana, hazikurudi. Hivyo ndivyo brandi huishi baada ya kampuni kufa: modeli moja inachaguliwa, nyingine zinabaki kwa mikono ya wenye nazo.

Kwa hivyo Garrett watanitengenezea MXT yangu?

Usipange maisha yako hivyo. Kununua jina hakumfanyi mtu abebe mashine zote zilizouzwa zamani. Anayeweza kukusaidia ni fundi anayejua detekta na mtu mwenye mashine mfu ya modeli kama yako. Basi.

Lakini yangu iliandikwa waranti ya maisha.

Pole sana, na hili naliongea kwa uchungu kwa sababu wazee wengi wamelitegemea. Waranti ni ahadi ya kampuni, na kampuni ikiondoka hakuna wa kumdai. Angalia Tesoro, kampuni ya Arizona, ilianzishwa na Jack Gifford mwaka 1980, walikuwa wanajulikana dunia nzima kwa waranti ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza, na walikuwa wanaitimiza kweli. 2018 walifunga na ile karatasi ikaisha nguvu siku hiyo. Si ati walikuwa matapeli, walikuwa watu waaminifu kabisa, ni vile tu maisha yanayohesabiwa pale ni ya kampuni.

Kwa hivyo ukinunua detekta, hesabu waranti kama kitu cha mwaka mmoja au miwili hata kama imeandikwa milele, na uulize kabisa ni nani hapa Kenya atapokea mashine ikiharibika. Kama jibu ni "utatuma Marekani", piga hesabu ya kuituma na ya forodha ikirudi, utaona mara nyingi hailipi.

Brandi inaweza kufa halafu irudi ikiwa nzuri?

Inaweza, na Fisher ndiyo ushahidi. Gerhard Fischer alikuwa mhandisi Mjerumani aliyehamia Marekani, akaanzisha Fisher 1931, akapata hataza ya mashine yake ya kutafuta chuma 1937. Mwaka 2006 jina likanunuliwa na First Texas ya El Paso, ambao tayari walikuwa na Bounty Hunter na Teknetics. Watu walidhani hapo ndio mwisho, lakini Gold Bug 2, ile ya kilohazi 71 inayosikia punje ndogo sana ya dhahabu, iliendelea kutengenezwa chini ya mwenye mali mpya. Tofauti ya Fisher na Tesoro iko hapo: moja ilipata mtu wa kuendelea kuunda mashine, nyingine ilibaki na sifa tu.

Kwa hiyo ukisikia kampuni fulani imeuzwa, usikimbilie kuuza yako kwa bei ya kutupa. Subiri uone kama koili, zile sahani za chini za kusikia chuma, bado zinatoka. Koili zikitoka, mashine iko hai.

Kuna jamaa ana White's kwa boksi, imefungwa na plastiki, anasema ni mpya. Nichukue?

Inaweza kuwa ni kweli, kuna maduka yalibaki na stoki. Lakini mpya iliyokaa kwa boksi tangu 2020 au kabla si mpya vile unavyofikiria. Waranti hakuna, na kama betri ziliachwa ndani huenda zimevuja.

Kuna jambo lingine zito. Jina ambalo halina mwenyewe wa kulilinda kwa karibu ni rahisi kuigwa. Hata majina yenye wenyewe wakali yanaigwa. Minelab ya Australia iko hai na ina mawakili, bado detekta zake za GPX zikiwa feki zilisambaa Afrika nzima wakati watu walikuwa wanakimbilia dhahabu Sudan na kwingineko, na feki nyingine ukiiangalia kwa nje huwezi kuitofautisha, hadi uiwashe kwa udongo mgumu ndio unasikia inapiga kelele tu. Sasa fikiria jina ambalo mteja hana mahali pa kupiga simu kuuliza namba ya siriali.

Mimi ushauri wangu ni mmoja: boksi usilipe, lipa mashine. Ikatwe plastiki, iwashwe, ijaribiwe kwa udongo mbele yako. Muuzaji akikataa kuikata, mwache na boksi lake.

Spea gani ndio shida zaidi?

Koili. Koili. Koili. Hiyo sahani ya chini ndiyo inagonga mawe, inaingia majini, inakanyagwa kwa pikipiki ukielekea Macalder, na waya wake unakatika pale unapoingia kwa sahani kwa sababu hapo ndipo unapinda kila siku. Dalili ni moja: mashine inalia ukitingisha waya hata kama umeinua koili juu hewani. Ikiwa waya umekatika karibu na plagi, tunakata na kusolda upya, kazi ndogo. Ikiwa umekatikia ndani ya sahani ni kufungua gundi ngumu, na mara nyingi ukifungua unaharibu zaidi.

Usidanganywe kwamba koili yoyote ya White's inaingia kwa White's yoyote. Koili inatengenezwa kwa masafa ya mashine yake. MXT iko karibu kilohazi 14, GMT, White's nyingine ya dhahabu ndogo, iko 48, ukibadilishana hizo mbili plagi inaweza kukubali lakini mashine haitasikia kitu cha maana. MXT, DFX na V3i ndizo ziko ndugu, koili zake zinaingiliana, na hiyo ndiyo sababu moja naambia watu kwamba kati ya White's zote hizo ndizo bado zina maisha marefu. Tena kuna kampuni zingine hazikuwa za White's kabisa lakini zilitengeneza koili za kuingia, Detech ya Bulgaria na NEL ya Ukraine. Ukikuta koili yao nzima kwa bei ya haki, nunua uweke akiba hata kama yako bado inafanya kazi.

Hedifoni, mkono, skrubu, kifuniko cha betri, hizo tunatafuta jua kali na maisha yanaendelea.

Na betri?

MXT na GMT zinatumia betri nane ndogo za kawaida zile za rimoti, AA. Hilo ni jambo zuri sana kwa mashine ya kampuni iliyofungwa, juu zinapatikana hata kwa kiosk ya Rosterman. Mashine zenye betri yake maalum ndizo zitakutesa, ile betri ikifa na kampuni haipo unabaki na fimbo.

Ukitumia za kuchaji ni sawa, zinaleta volti kama 9.6 badala ya 12 na mashine inakubali, ila mshale wa chaji utakuonyesha iko chini kabla haijaisha. Usikubali mtu akufungie betri za lithiamu za laptop bila kupima. Tatu zikiunganishwa zikiwa zimejaa zinapita volti 12, na kama hakuna kidhibiti unaweza kuchoma bodi ya ndani ambayo hutapata nyingine. Na mvua ikianza ukisafiri ama ukirudi shamba miezi miwili, TOA BETRI. Nusu ya mashine tunazoletewa "zimekufa" hazijafa, zimeliwa na maji ya betri yaliyovuja pale kwa springi. Tunasugua, tunabadilisha springi, inawaka.

Bodi ikiungua kuna tumaini?

Inategemea ni bodi ya aina gani. Tesoro nyingi ni analojia, zimejengwa kwa chipu za kawaida ambazo zinauzwa hata Nairobi, kapasita zikikauka unabadilisha, transista ikiungua unabadilisha, fundi mzuri wa redio anaweza kuifufua. Kampuni imekufa lakini mashine inatengenezeka.

White's za baadaye zina chipu iliyowekwa programu kiwandani. Hiyo chipu ukiinunua tupu haina kitu ndani, hauna pa kupata hiyo programu, kwa hivyo njia ni kuitoa kwa mashine nyingine ya modeli ile ile. Sehemu zingine za bodi, zile za kupeleka mkondo kwa koili, tunaweza. Ndiyo maana fundi akikuambia "bodi imeungua" muulize sehemu gani, na akuonyeshe na multimita, usikubali tu kuambiwa.

Inahitaji apdeti? Itazimwa kutoka kwa kampuni?

Hapana. Hizi za White's haziongei na kiwanda, haziendi intaneti. Pakua tu kitabu cha maelekezo sasa uweke kwa simu na kwa mtu mwingine unayemwamini, tovuti za kampuni zilizofungwa hazikai.

Nikinunua second-hand nijaribu vipi? Sitaki kuliwa.

Hapa nitaongea kwa urefu, pesa nyingi zinapotelea hapa.

Kwanza usijaribu na pete. Wauzaji wanapenda pete ya dhahabu, wanaipitisha mbele ya koili mashine inalia kama ng'ombe na mteja anafurahi. Pete ni duara lililofungwa, mkondo unazunguka ndani yake vizuri, kwa hivyo inalia kwa nguvu kuliko kipande cha dhahabu cha uzito ule ule kilichotoka shimoni. Dhahabu yetu ya huku mara nyingi imekaa ndani ya kwozi, lile jiwe jeupe gumu, ina matundu, imetawanyika, na hiyo inalia kidogo sana au hailii. Beba kipande kidogo cha risasi, ile ya kuzamisha nyavu, wavuvi wa Dunga watakupa, ukate vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya mchele na punje ya mahindi. Risasi inakaribia dhahabu kwa vile mashine inaisikia.

Pili, usijaribu ndani ya nyumba. Mabati, waya za stima, nondo za saruji, simu yako mfukoni, vyote vinaingilia. Toka nje, zima simu au iweke mbali, uende kwa udongo mwekundu wenyewe. Huku kwetu udongo umejaa chuma, miamba ya ukanda huu iko na chuma nyingi kutoka Migori hadi Kakamega, na mashine inayolia vizuri hewani inaweza kuwa bure kabisa ikiwekwa chini. Balansi na udongo, yaani iseti isilie kwa chuma cha udongo wenyewe, kisha inua na ushushe koili bila kuipeleka kando. Ikinyamaza, poa. Ikiendelea kulia kila ukishusha, kuna shida kwa koili ama kwa bodi, ama mtu hajui kuiseti, na muuzaji ndiye anapaswa kuonyesha ni ipi.

Zika ile risasi ya punje ya mahindi kina cha vidole vinne, mwambie muuzaji aitafute yeye mwenyewe. Halafu fanya wewe. Wakati huo tingisha waya, gonga boksi kidogo na kiganja, mwagia koili maji kidogo. Iache imewaka nusu saa kwa jua, mashine nyingi zinaharibikia kwa joto, zikiwa baridi ziko sawa. Ukimaliza fungua mlango wa betri uangalie kijani kijani kwa springi.

Mtu mwenye mashine nzuri hatachoka na hizo zote. Akianza kukuharakisha ati kuna mteja mwingine anatoka Narok, mpe baraka zako uende.

White's gani inafaa udongo wa huku?

Kwa dhahabu ndogo juu juu, kwa mchanga uliokwisha kumwagwa na watu walioosha kwa karai, GMT ama Goldmaster 24k. Kwa udongo mwekundu mzito na mawe yenye chuma yanayodanganya mashine, mashine ya pulse, ile inayotuma mkondo kwa mapigo mapigo, ndiyo inavumilia, na White's walikuwa na TDI ambayo msingi wake ulitoka kwa kazi ya Eric Foster, Mwingereza aliyebobea kwa mambo ya pulse. TDI inapita udongo mgumu kuliko hizo zingine, lakini inapoteza zile punje ndogo sana.

Niseme ukweli: dhahabu nyingi ya Kakamega ni unga laini ndani ya mwamba. Uchimbaji ulipamba moto huko tangu 1931, mgodi wa Rosterman ukafungwa 1952, na walichokuwa wanafuata ni mishipa ya kwozi chini kabisa. Detekta haitakuonyesha unga wa dhahabu ulio futi mia chini, iwe ya brandi gani. Inasaidia kwa vipande, kwa mawe yaliyotupwa, kwa mito. Kama shimo lenu ni la unga, hizo pesa nunueni pampu ya maji.

Nimeletewa mashine ya antena, "ya Ujerumani, kampuni ilifungwa", inaona dhahabu mita elfu moja. Je?

Usinunue. Tafadhali. Hakuna detekta inayoona dhahabu kwa umbali huo, ya kampuni hai wala iliyofungwa, na "kampuni ilifungwa" inawekwa hapo ili usiwe na pa kuuliza. Mchezo huu uliwahi kuua watu. Mwingereza James McCormick aliuza fimbo za antena zinaitwa ADE 651 kwa serikali ya Iraq kuwa zinagundua mabomu, ndani hamkuwa na kitu cha maana, na mwaka 2013 mahakama ya London ikamfunga miaka 10. Hizi za dhahabu zinafanya kazi vile vile: mkono wako ndio unazungusha antena bila wewe kujua. Kuna kikundi cha akina mama kilikuja hapa na moja, walikuwa wamechanga msimu mzima. Niliifungua mbele yao, ndani kulikuwa na taa, betri na waya ambazo haziendi popote.

Duka liliniuzia, imekufa wiki ya pili, wanasema "kampuni imefungwa, hatuna la kufanya".

Hilo si jibu. Wewe hukununua Oregon, ulinunua dukani. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa na ile ya ulinzi wa watumiaji ya 2012 zinamtaka anayeuza auze kitu kinachofaa kwa kazi aliyoambiwa. Kaa na risiti, ujumbe wa M-Pesa, na zile meseji mlizoandikiana ambapo alisema ni nzima. Wakikataa kabisa kuna mahakama ya madai madogo, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na si lazima uwe na wakili. Mara nyingi ukiwaonyesha tu kwamba unajua hilo wanarudisha pesa ama wanabadilisha.

Kama ulinunua kwa mtu binafsi barabarani bila karatasi, hapo ni kuvumilia. Siku nyingine andikishianeni, hata kwa daftari, na kila mtu aweke namba ya kitambulisho.

Sisi ni kikundi, tuna kibali cha wachimbaji wadogo, tunataka kununua moja. Brandi gani haitatufia?

Vizuri kwamba mna kibali, sheria ya madini ya 2016 inataka hivyo na mashine ikikamatwa shambani bila karatasi mtalia wote.

Brandi ya kutokufa haipo. Mimi ningeangalia mambo haya: betri ni za kawaida ama ni za kwao tu, koili inatengenezwa na zaidi ya kampuni moja ama la, modeli imeuzwa kwa wingi kiasi kwamba mfu zake zitapatikana, na kuna fundi umbali wa matatu moja kutoka kwenu. Brandi inayotajwa na kila mtu lakini inakosa hayo itawasumbua hata kampuni ikiwa hai. Na nunueni koili ya pili siku ile ile mnaponunua mashine. Watu wanaona ni gharama, lakini koili ndiyo itawaangusha kwanza na siku hiyo mtakuwa hamna pesa tena.

Chagueni pia watu wawili wa kuishika, wasome kitabu chote. Detekta ya kikundi inayoshikwa na kila mtu inazeeka haraka.

Yangu imekufa kabisa, fundi watatu wameshindwa. Niitupe?

Usiitupe na usimpe mtoto achezee. Mashine mfu ya White's ina plagi, skrini, vibonye, chipu yenye programu, labda na koili nzima, na kuna mtu Lolgorien anatafuta kimoja kati ya hivyo. Andika modeli na kilichokufa, piga picha ya bodi pande zote mbili, uilete ama uitume na gari la abiria. Tunanunua kulingana na kilichobaki kizima, na tukipima mbele yako unaondoka na pesa yako siku hiyo hiyo.